Mkono Ndani ya Gitaa

Ndiritu alizikwa Endarasha mwezi uliopita, na mwanawe wa kwanza, sasa mtu mzima mwenye adabu hadi inachosha, akanitafuta kwenye viti vya nyuma akanipa kipaza sauti. "Mama, wewe ulimjua mzee tangu zamani. Tuambie hata neno moja." Neno moja. Nilikuwa na maneno ya kutosha kuharibu chakula cha watu wote waliokuja pale. Nikasema alikuwa fundi mzuri wa mbao, nikarudisha kile chuma, nikakaa. Watu wakapiga makofi, na mimi nimekuwa na hasira tangu siku hiyo. Nikiwa na hasira siwezi kupika kitu kikalika, kwa hiyo afadhali niandike. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na mbuzi wangapi. Nitaeleza mwaka mmoja tu, wa hamsini na tano, Hali ya Hatari ikiwa imetukalia shingoni, na ndani ya mwaka huo wiki tatu ambazo mpaka leo sijamsamehe mtu yeyote aliyehusika, nikiwemo mimi.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa juu wa Endarasha, karibu na msitu kiasi kwamba asubuhi ulisikia nyani wakigombana. Nyumba zetu za zamani zilikuwa zimechomwa, tukaamriwa kujenga hizi mpya upesi, zimepangwa mistari kama maharagwe shambani, mlango wa huyu ukitazama mgongo wa nyumba ya yule. Udongo wa kuta zetu ulikuwa haujakauka tulipoingia. Uyoga uliota kando ya kitanda. Kila kitu kilinuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Humo tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe wangu, na binti yangu wa miezi saba. Mume wangu Mwangi alikuwa kizuizini. Binti, kwa kuwa ndiye wa kwanza, alipewa jina la mama mkwe kama ilivyo desturi yetu: Nyambura. Wasiotoka kwetu hawajui adha ya desturi hii. Mama mkwe alipokosa, sikuweza kusema "huyu Nyambura ana kichwa kigumu" bila kumsema mwanangu mwenyewe aliyelala mgongoni pangu. Na yeye alilijua hilo vizuri sana. Nikianza tu kufungua mdomo, alimgeukia mtoto: "Nyambura, mimi mdogo, umesikia? Ati wanataka kutugombeza."

Mtoto alikuwa na kifua. Hilo ndilo jambo lililoongoza kila kitu, na ndilo naomba likumbukwe. Kila asubuhi homgadi, walinzi wa serikali waliotoka miongoni mwetu, walipuliza filimbi, wanawake wote wenye nguvu wakapangwa na kupelekwa ukingoni mwa msitu kuchimba handaki la kuwazuia wapiganaji waliokuwa ndani wasitoke, na sisi tuliokuwa nje tusiwapelekee chakula. Wanyonyeshao walichimba kama wengine. Watoto walilazwa juu ya magunia pembeni ya handaki, chini ya ulinzi wa kikongwe mmoja na upepo wa mlima, na ulirudi kunyonyesha pale msimamizi alipojisikia kukuruhusu. Nilichimba wiki tano. Katika wiki ya tano Nyambura alianza kukohoa kikohozi cha mtu mzima. Kikongwe aliniambia bila kuzungukazunguka, "Huyu wako, mama, hatamaliza mvua hizi hapa."

Aliyenitoa handakini ni Mwalimu Asava. Alitoka Maragoli, aliletwa kufundisha shule ya kijiji, watoto tisini na mwalimu mmoja, akauliza kama kuna mtu yeyote aliyesoma. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha pili kabla ya mambo kuharibika. Akaenda kwa hedimani, mkuu wa kijiji, akaniombea. Hedimani alikubali akitazama pembeni, kwa sababu shemeji yake mwenyewe aliitaka nafasi hiyo, na mbele yangu akasema, "Huyu ni mke wa mfungwa. Nakupa kwa dhamana yako, Mwalimu. Siku utakayoniambia hafai, siku hiyo hiyo anachukua jembe." Kwa hiyo kila Ijumaa Mwalimu Asava alitia sahihi karatasi kwamba nimefundisha wiki nzima na nimemridhisha, nami nikaipeleka kwa hedimani kwa mikono yangu. Nyambura alikaa mgongoni pangu darasani, mahali pakavu, akinyonya wakati watoto wa wengine wakiimba namba. Kikohozi kikapungua. Nilikuwa tayari kuzoa majivu ya Mwalimu kwa mikono mitupu kama angetaka.

Alichotaka ni kunilindia gitaa. Lilikuwa gitaa kuukuu alilolipata kwa askari mmoja aliyerudi kutoka vita vya Burma, na ndilo lililotusaidia kuwatuliza wale watoto tisini. Mwezi wa nne akapata habari kwamba baba yake amefariki, akapewa ruhusa ya wiki tatu; darasa akaniachia mimi, na karatasi za Ijumaa zikamngoja. Akaja mlangoni kwetu amelikumbatia. Nyumbani tulizungumza Kikuyu, lakini naye tulitumia Kiswahili, na Kiswahili chake hakikujali sarufi ya mtu.

"Mama Nyambura, hii kitu nitaacha wapi? Kwangu mvua inanyesha mpaka ndani ya sufuria. Niwekee. Niko na hii peke yake."

"Nitaiweka, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi. Najua wewe ni mtu wa kuangalia vitu."

Nililiweka juu ya sanduku, nikalifunika kwa shuka. Siku ya tisa, wakati wa kula githeri, ambayo siku hizo ilikuwa mahindi matupu na maharagwe ya kuhesabika, nikaona shuka limekunjwa vizuri na gitaa halipo. Nikauliza. Mama mkwe aliendelea kumtafunia mtoto.

"Liko mahali pazuri."

"Mahali gani, Maitu?"

Akainua kidevu kuelekea juu. Kila nyumba ya kwetu ina dari ndogo ya fito juu ya mafiga, tunaiita itara. Hapo ndipo kuni hukaushwa, na mbegu, na chochote usichotaka kiliwe na unyevu au wadudu. Gitaa la Mwalimu Asava lilikuwa limelala juu ya itara, katikati ya kuni, juu ya moto tuliopikia asubuhi na jioni, na lilikuwa hapo tangu siku ya pili.

"Lilianza kunuka uyoga," akasema. "Kitu cha mti hukaushwa. Au shuleni mlifundishwa kinaloweshwa?"

Nililishusha. Lilikuwa jeusi kwa moshi mgongoni, lakini hilo lingefutika. Kilichonitisha ni uso wake, ule ubao mwembamba wenye tundu la duara. Nyuzi zilikuwa zimeachwa zimekazwa siku zote hizo, na joto lilikuwa limelegeza gundi, basi nyuma ya kile kibao kinachoshikilia nyuzi ubao ulikuwa umevimba kama tumbo la mjamzito wa miezi mitano, na karibu na tundu ulikuwa umedidimia. Nilipolitikisa, kitu kililia ndani, kra kra, kama mahindi makavu. Fito mbili zilizogandishwa kwa ndani zilikuwa zimebanduka.  Nyambura mkubwa akaliangalia, akaliangalia tena, akasema, "Basi lilikuwa bovu tangu mwanzo. Kitu kizima hakibadiliki umbo kwa kukaa kwenye itara. Mbona kuni hazivimbi?"

 Nilitoka nje nikaegemea ukuta, na kupitia ukuta wa jirani nikasikia Wangui, aliyekuwa rafiki yangu tangu handakini, akimwambia dada yake, "Hao wawili leo wamepata la kugombania," wakacheka.

Zilibaki siku kumi na mbili. Nilijua kabisa nini kingefuata: Mwalimu angefungua shuka, angeona kitu chake cha pekee kimeharibika mikononi mwa mtu wa kuangalia vitu, angekwenda kwa hedimani, na shemeji ya hedimani angekuwa darasani kabla ya kengele. Na Nyambura angekuwa juu ya gunia, mvua ndefu ndiyo kwanza zimekolea.

Kijiji kizima kilikuwa na fundi mmoja tu mwenye ruhusa ya kushika patasi na msumeno, maana vyuma vyote vyenye makali vilifungiwa kwenye posti ya homgadi. Naye alikuwa homgadi. Ndiritu. Sasa nieleze. Siku Mwangi alipochukuliwa, wanaume wote walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa hivi, unakwenda nyumbani. Likitikisa vile, unapanda lori. Lilitikisa vile kwa Mwangi na kwa mume wa Wangui, mmoja baada ya mwingine. Sisi wanawake tulikuwa tumekalishwa chini, na mtu aliyekalishwa chini huona miguu. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kushoto wa yule wa gunia ulikuwa umepasuka katikati, kama ulivyopasuka wa Ndiritu, fundi aliyewahi kujikata kwa tezo.  Tulipohamia kijijini, hakuna mwanamke aliyempa Ndiritu mkono. Kwetu mtu hasalimiwi kwa mbali kama ng'ombe. Unampa mkono, unauliza habari za nyumbani kwake, unangoja jibu. Yeye alipita, mikono yote ikawa na shughuli.

Nilimpelekea gitaa. Nilimkuta anachonga komeo la lango la posti. Nikamwambia, "Hili limebenuka. Mwenyewe anarudi baada ya siku kumi na mbili." Sikumsalimia. Alilichukua, akaligonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akisikiliza kama daktari. Akatoa kioo kidogo cha kunyolea, akakitia nusu kwenye tundu, akachungulia.

"Nani aliliweka kwenye itara?"

Nikatazama komeo lake.

"Mama mkwe wako," akasema. "Lina harufu ya maharagwe."

Kitu cha kwanza alilegeza nyuzi zote akazitoa. Akaniambia niloweshe matambara, niyakamue mpaka yasidondoshe hata tone, nayo akayatia ndani, akalifunga gitaa kwenye sanduku pamoja na vumbi la mbao lenye unyevu. "Ubao umekaushwa kwa haraka, tuurudishie maji polepole. Ukiulazimisha leo unapasuka." Siku ya tatu akaulaza kati ya vibao viwili alivyovichonga, akaukandamiza kwa mawe, akiongeza jiwe moja asubuhi na jingine jioni. Nilipita hapo kila siku shule ikifungwa, Nyambura mgongoni, saa ile ile wanawake walipokuwa wakirudi kutoka handakini na matope hadi magotini. Waliniona. Wangui aliniona. Siku ya kwanza alinyanyua nyusi, siku ya pili alitazama mbele.

Tumbo lilishuka. Si lote, lakini lilishuka. Zikabaki zile fito za ndani, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Alichonga mpya mbili kutoka kwenye kigingi cha mtarakwa, akachemsha gundi ya ngozi ya mbuzi ndani ya mkebe uliokalia sufuria ya maji, ikanuka hadi mtoto akageuza uso. Akajaribu kuingiza mkono kwenye tundu. Haukuingia. Mkono wa homgadi ulikuwa mkono wa mtu anayekula. Akautazama wangu, mwembamba kama wa msichana wa miaka kumi, akasema, "Ni wewe."

Basi nikakaa juu ya gogo mbele ya lango la posti, mkono wangu ndani ya gitaa hadi karibu na kiwiko, ufito wenye gundi ya moto kwenye ncha za vidole, na kichwa cha Ndiritu kando ya kichwa changu akiangalia kwenye kioo. "Kushoto. Siyo huko, kushoto kwako. Panda kidogo. Hapo. Bonyeza, usitetemeke." Kisha alinipa vijiti vya mwanzi vilivyokatwa virefu kidogo kuliko kina cha gitaa, nivipinde nivisimamishe ndani, kichwa kwenye ufito na mguu kwenye mgongo wa gitaa, visukume kila kimoja kwa nguvu ya kutaka kunyooka. Vijiti saba. Cha nne kiliniruka mara tatu. Na miguu yake ilikuwa hapo hapo chini ya macho yangu, na ukucha wake.

Nikasema bila kuinua kichwa, "Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya gunia."

Akakigeuza kioo, akatazama gundi.

"Bonyeza," akasema. "Ikipoa kabla ya kushika tutaanza upya."

Nikabonyeza. Hilo ndilo jibu nililopata, na sikupata jingine hadi mwezi uliopita, ambapo lilifukiwa.

Siku ya kumi akarudisha nyuzi, akazikaza kidogo kidogo, akaufuta moshi kwa mafuta. Nikanyoosha mikono nilichukue. Akalishikilia.

"Sitaki chochote," akasema. "Nataka unipe mkono."

Nikasogeza mkono, nimalize.

"Siyo hapa. Kesho asubuhi, mtoni, wakati wa kuteka maji. Mbele yao. Uniulize habari za nyumbani. Watoto wangu watatu hakuna anayewaitikia wakisalimia. Mkubwa, Gakuru, ameacha kusalimia watu. Mimi naweza kuvumilia. Yeye ana miaka sita."

"Na nikikataa?"

"Utalichukua vile vile. Nimekwisha kulitengeneza."

Na akaliachia. Nimemchukia kwa hilo kuliko kwa gunia. Angeninyima, ningempa mkono kwa kulazimishwa na kila mtu angeelewa. Aliniacha nichague, mshenzi yule.

Maji yalitekwa saa moja asubuhi, wanawake wamepangwa mstari na madebe, homgadi wawili na mikuki wakisimamia. Nililitua debe langu, nikatoka kwenye mstari, nikaenda nikampa mkono. "Habari za nyumbani, Baba Gakuru? Watoto wameamkaje?" Akajibu kirefu, kama inavyopaswa, hadi mbuzi akamtaja.  Niliporudi, debe langu lilikuwa peke yake. Yale mengine yalikuwa yamesogezwa hatua mbili mbele na hatua mbili nyuma, na hakuna aliyeonekana akiyasogeza. Wangui alisema, si kwangu, bali kwa maji, "Wengine waume zao hawakupanda lori." Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu wa kuta. Niliwasikia wakizungumza, nikitokea wakawa na shughuli.

Mwalimu Asava alirudi Jumatatu, amenyolewa kichwa kwa msiba, na viazi vitamu vya mama yake ndani ya kikapu. Nikampa gitaa kwa mikono miwili. Aliketi kwenye dawati, akapiga. Akasimama. Akapiga tena, sikio karibu na tundu. 

"Hii imekuwa ingine."

Nikamweleza yote, itara, tumbo, fito, vijiti saba, hadi mkono wa mtoni. Nilisema haraka ili asije akanikatiza. Alichungulia tundu, akasugua kichwa chake kitupu.

"Sasa Mama Nyambura. Hiyo tumbo ilikuwako. Si kubwa, lakini ilikuwako tangu huyo askari alinipatia. Saa hii nyuzi ziko chini, hata kidole haiumi." Akacheka. "Ulifikiri nitakufukuza kwa sababu ya gita?"

"Ndiyo."

"Kweli?"

"Mwalimu, wewe ndiye unatia sahihi. Mimi nitajuaje wewe hufukuzi? Hujawahi kuniambia hufukuzi. Hedimani alisema ukisema sifai nachukua jembe, na wewe ulikuwa umesimama hapo, ukaitikia kwa kichwa."

Kicheko kiliisha. Akasema, "Sikufikiria hiyo," na niliona kwamba kweli hakufikiria. Alikuwa mtu mwema. Ilimchukua muda mrefu kupata kalamu, na siku ile ya Jumatatu akazitia sahihi karatasi zilizomngoja, kisha ya Ijumaa ile, na ya Ijumaa iliyofuata, na nyingine mbili, akanipa zote.

Nilifika nyumbani nikiwa nimechemka. Nilikuwa nimempa mkono mtu wa gunia kwa ajili ya tumbo lililokuwako. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi vya Mwalimu. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilimgombeza kwa jina, Nyambura huyu na Nyambura yule, na mtoto mgongoni akaanza kulia akidhani ni yeye, nami sikuacha. Nilimwambia kuhusu mtoni. Nilimwambia madebe yalivyosogea. Alimaliza kiazi, akachukua kingine. Hakusema pole. Alisema, "Umemtisha mtoto."

Asubuhi nilipoinama kuchukua debe, halikuwapo. Magoti ya mama mkwe yalikuwa mabovu. Tangu tuhamie hakuwahi kushuka mtoni. Nilikimbia nikiwa nimembeba Nyambura bila hata kumfunga vizuri. Nilimkuta amefika mbele kabisa ya mstari, maana hakuna anayemzuia bibi wa umri ule, na amesimama mbele ya Ndiritu, mkono umenyooshwa. Ndiritu alihamisha mkuki mkono wa kushoto. Wakasalimiana. Mama mkwe aliuliza habari za watoto mmoja mmoja, mkubwa, wa kati, mdogo, polepole, na mstari mzima ukangoja maji. Kisha akawageukia wanawake.

"Gitaa la watu nililichoma mimi. Huyu alikuwa anasafisha kosa langu. Mwanangu pia alipanda lori, Wangui, nilimzaa mimi, kwa hiyo usinifundishe nani alipanda. Anayetaka kununa anune na mimi. Nina miaka ya kutosha, nitanuna na yeye hadi achoke. Haya, nimsalimie nani kwanza?"

Hakuna anayeweza kukataa kumwitikia mama mzee akisalimia. Mmoja baada ya mwingine walimpa mkono. Wangui alikuwa wa mwisho, na aliutoa mkono akiniangalia mimi, si yeye, na macho yake hayakuwa yamesamehe kitu. Lakini aliutoa.

Nikataka kulibeba debe. Mama mkwe akakataa katakata, akajitwika mwenyewe ili wamwone. Tulipanda kile kilima yeye mbele mimi nyuma, akiyumba kwa magoti yake, na kila hatua maji yalimruka mabegani. Nilipomsogelea kumshika, debe likainama, maji ya baridi yakamwagikia mtoto shingoni, mtoto yule yule ambaye niliweka mkono wangu ndani ya gitaa ili asipatwe na baridi. Akapiga chafya mbili. Bibi yake akasema amerogwa na macho ya watu. Nikamvua shuka la ndani, nikamkausha kwa gauni langu, nikawagombeza wote wawili kwa jina lao moja hadi mlangoni.